Manowari Katika Ngeli ya A-WA: Mashabiki wa Vita na Usomaji wa Tenzi

Katika shule ninakofundisha, chai ya saa nne haiishi bila manowari moja kuzamishwa. Mwalimu wetu wa Historia, ambaye kwa heshima ya mvi zake sote humwita Mzee, huketi kwenye kona ya dirisha. Mwalimu wa Fizikia huvuta kiti karibu naye kwa sababu ya hesabu za masafa ya mizinga. Bawabu wetu, mstaafu wa jeshi la wanamaji, husimama mlangoni akijifanya ameleta barua. Hapo ndipo Fort Jesus huzingirwa upya kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ndipo hubishaniwa kama ni njaa au ni maradhi yaliyowamaliza waliokuwa ndani. Mimi wa Kiswahili, kwa miaka kadhaa nilikuwa nikisahihisha insha na kuyasikia hayo kwa sikio moja. Niliyachukulia kuwa ni soga.

Nimebadili rai. Makala haya yananuia kuonyesha jinsi mazungumzo ya watu wa aina hii, yaani mashabiki wa historia ya vita vya baharini na vya nchi kavu, yanavyoweza kumfaa na pia kumpotosha mwalimu anayefundisha tenzi za vita. Nitajikita katika tungo mbili. Wa kwanza ni Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani wa Pate, unaotajwa kuwa wa mwaka 1728. Wa pili ni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, ambao jina lake limebeba mwaka, 1307 Hijria. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ungestahili nafasi pia, lakini huo unahitaji makala yake peke yake.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifikisha hapa.

Wakati fulani niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu swali ambalo bila shaka mwalimu mwenzangu umewahi kulitunga kwa maneno yako: Utenzi ni hazina ya historia ya jamii. Thibitisha kwa kurejelea Utendi wa Tambuka. Tulikuwa tumesoma sehemu zake kwa ziada darasani, kutoka kwenye kurasa nilizozitoa nakala. Wengi walijibu kama nilivyotarajia. Mmoja akaanza hivi: vita vya Tambuka havikupiganwa. Akaendelea ukurasa mzima akieleza kwamba jeshi la Waislamu lilifika Tabuk likakuta hapana adui, likarudi. Mwishoni akauliza, kama vita havikuwapo, hazina hiyo ya historia ni ya nini? Nilimpa alama 3 kati ya 20 na kuandika kwa wino mwekundu kwamba ametoka nje ya swali.

Alikuja mlangoni mwa majilisi na karatasi yake. Hakuwa na ubishi wowote. Aliniuliza, "Mwalimu, naomba kuelewa. Nilikosea ukweli au nilikosea jibu?" Nikamwambia alikosea jibu, kwani swali lilisema thibitisha. Akasema ahsante Mwalimu, akaenda zake. Mzee alikuwa anasikia. Alingoja kijana aondoke, ndipo akanena kwa upole ambao ulichoma kuliko ukali: "Mwalimu, umemkata mtoto alama kwa kusema kweli. Hayo niliwafundisha mimi Ijumaa kwenye chama."

Sikulala vizuri usiku huo.

Mambo yenyewe ni haya. Katika mwaka wa nane wa Hijria, yaani 629, jeshi la Waislamu lilipambana na majeshi ya Warumi wa Mashariki na washirika wao huko Muta, na Jaafar bin Abu Talib akafa hapo. Mwaka uliofuata, 630, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliongoza msafara kuelekea Tabuk, kaskazini mwa Bara Arabu. Ilikuwa kiangazi, joto kali na chakula haba, hata jeshi hilo likapewa jina la jeshi la dhiki. Mapokeo yanalihesabu kuwa watu 30,000. Lilipofika halikukuta jeshi la Warumi. Likakaa kiasi cha siku 20, watawala wa miji ya mpakani wakaja kufanya mapatano, na jeshi likarejea Madina. Herekali, mfalme wa Warumi, hakuwapo.

Sasa chukua utendi. Mwengo anaanzia kwa Jaafar ambaye damu yake haijalipiwa kisasi, anatuletea barua na wajumbe kati ya Mtume na Herekali, kisha anatupa vita vyenyewe, tena vita vikubwa. Mashujaa wanatoka safuni mmoja mmoja, wanajitambulisha, wanapambana, na Ali anafanya yale ambayo Ali hufanya katika masimulizi ya namna hiyo. Beti ni zaidi ya elfu moja. Mshabiki wa vita akizisoma hutikisa kichwa. Nakumbuka mwalimu wa Fizikia akiuliza maji ya kunywa ya umati wote huo yalitoka wapi. Ni swali la haki kabisa kwa mtu anayejua kwamba jeshi hutembea kwa tumbo.

Mwengo hakudanganya, wala hakubuni peke yake. Masimulizi ya vita vya Mtume yalikuwa yamekwisha kukua katika Kiarabu, kwa mdomo na kwa maandishi, na mtunzi wa Pate aliyapokea yakiwa na vita ndani yake. Suala la mhakiki basi si kama vita vilikuwapo. Ni kwa nini masimulizi yalihitaji viwepo. Jibu langu ni Jaafar. Historia ilimwacha amelala Muta bila ya kulipiwa, na mwaka uliofuata ikampa adui nafasi ya kutofika. Hadithi haiwezi kuvumilia jambo hilo. Msikilizaji aliyesikia kifo cha Jaafar anadai malipo, na mtunzi ana deni kwake. Ukisoma utendi kwa njia hiyo, yale mapambano ya mmoja mmoja yanayomkera mshabiki hupata maana. Kila anayetoka safuni ni sehemu ya malipo hayo. Hayo yote nisingeyafikiria lau mwanafunzi wangu asingaliniambia kwamba vita havikupiganwa. Aliyekuwa amekosea ni mimi niliyetunga swali lenye mlango mmoja tu.

Kuna usomaji mwingine wa Tambuka ambao umeota mizizi madarasani, nami nimeufundisha. Unasema Warumi wa utendi ni Wareno, kwa kuwa utendi ulitungwa Pate mwaka 1728 na Wareno ndio waliokuwa Wakristo wenye merikebu katika pwani hii. Usomaji huu unavutia. Unafanya kazi ya zamani ionekane inazungumzia kwetu, na mwanafunzi anaukumbuka kwa urahisi. Nilipoutaja mbele ya Mzee, alicheka, kisha akafungua daftari lake, maana ana daftari la merikebu tangu ujana wake. Mwaka 1727 Pate iliomba msaada wa Wareno dhidi ya Waomani. Merikebu zikatoka Goa. Machi 1728 Wareno wakaitwaa tena Fort Jesus, ambayo walikuwa wameipoteza mwaka 1698, na wakakaa humo hadi walipofukuzwa Novemba 1729. Kwa maneno mengine, mwaka uleule tunaoutaja kuwa wa utendi, Mreno aliingia Pate kama mshirika aliyealikwa, ingawa urafiki huo ulichacha upesi.

Sisemi kwamba hili linaua usomaji ule. Huenda mtunzi hakupendezwa na mwaliko wa mfalme wake, na utendi ukawa ni nong'ono ya kumkumbusha ni nani adui. Huenda pia kazi ilikusudiwa ibada na burudani ya baraza na haikuwa na Mreno yeyote akilini. Lakini usawa ule mwepesi wa Warumi kuwa Wareno hausimami tena kwa miguu yake. Aliyeuangusha si mhakiki wa fasihi, ni mtu anayehesabu merikebu kwa kujifurahisha. Hapa ndipo nilipoanza kuwaonea mashabiki hawa heshima. Tarehe zao ni chungu kwa nadharia zetu tamu.

Heshima hiyo haikudumu bila masharti, na sharti lilijitokeza katika ziara.

Tuliwapeleka wanafunzi Mombasa, Kiswahili na Historia kwa pamoja, ili kugawana gharama ya basi. Pale Fort Jesus pana mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mwingine wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Mzee alisimama baina ya mizinga hiyo na kusimulia. Naeleza kwa kifupi, kwa sababu kila mshabiki anayo habari hii. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Königsberg ikaja, ikasimama mbali na kuipiga mpaka ikazama. Wanamaji zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yapo kwenye kisiwa cha Chapwani. Königsberg ikajificha katika midomo ya mto Rufiji. Julai 1915 manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, zikaingia mtoni, ndege zikiwaonyesha wapigaji mahali makombora yanakoangukia. Tarehe 6 zilishindwa, tarehe 11 zikafaulu. Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe. Kisha mizinga yake kumi ikatolewa mtoni na kutumiwa vitani nchi kavu. Ile ya Pegasus iliyookolewa nayo ikapelekwa bara, upande wa Waingereza.

Mwalimu wa Fizikia akaongeza yake. Mzinga wa Königsberg una kipenyo cha sentimita 10.5, wa Pegasus inchi 4, ambazo ni sentimita 10 na milimita moja na nusu hivi. Tofauti ni ndogo kuliko upana wa kidole cha mtoto. Kilichoamua ni masafa, kwani mizinga ya Kijerumani ilikuwa mipya zaidi na ilifika mbali zaidi. Na kilichoamua zaidi ni kwamba meli moja ilikuwa inatembea na nyingine imefungwa. Wanafunzi walisikiliza vinywa wazi. Ni msimulizi hodari, Mzee. Anajua kunyamaza kabla ya neno zito, anajua kubadili sauti, anamshirikisha msikilizaji kwa maswali. Kama ningelitaka kielelezo cha mapisi kwa darasa la fasihi simulizi, na cha ulumbi pia, nilikuwa nacho mbele yangu.

Nikiwa mwalimu wa sarufi, masikio yangu yalinasa kitu kingine. Mzee hakusema Königsberg ikaingia Rufiji. Alisema Königsberg akaingia Rufiji. Pegasus alikuwa mgonjwa. Severn akafyatua. Meli, ambayo kwa kawaida tunaiweka katika ngeli ya I-ZI, ilikuwa imepandishwa cheo na kuwekwa katika ngeli ya A-WA, pamoja na watu na wanyama. Si kosa la kumsahihisha mtu. Ni tashihisi, na wasimulizi huitumia. Lakini alipofika kwenye mizinga ile kumi, sentensi zikageuka. Mizinga ikatolewa. Ikavutwa. Ikapelekwa Dar es Salaam. Ikafungwa magurudumu. Kauli ya kutendwa tupu, bila ya mtendaji.

Yule mwanafunzi wa alama 3 alikuwapo. Akainua mkono. "Mzee, ilivutwa na nani?"

Mzee alisema, "Na watu." Kisha, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, akanyamaza kidogo na kusema, "Wapagazi. Mamia ya watu kwa kila mzinga. Majina yao sinayo."

Alikuwa na jina la kila manowari, mwaka iliposhushwa majini, idadi ya mizinga. Alijua Königsberg iliteremshwa majini mwaka 1905 na Pegasus mwaka 1897. Wapagazi hakuwa nao katika daftari. Simlaumu. Vitabu alivyovisoma havikuwaandika ila kwa jumla. Katika vita vile vya Afrika Mashariki wachukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na kumbukumbu yao kubwa ni majina ya mitaa miwili, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambayo ni jina la kikosi chao cha Kiingereza lililosagwa na ndimi zetu. Ndilo neno tunalolitamka kila tupandapo matatu, bila ya kuwaza.

Kwa hiyo nikawa na kipimo cha kuusomea utenzi wa Hemedi. Katika kazi hii, ni nani amewekwa katika A-WA kwa maana ya ndani, yaani nani anatenda na kusema, na ni nani amezama katika kutendwa?

Vita anavyovisimulia Hemedi vina upande wa baharini ulio wazi mno kwa mshabiki. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuipa Kampuni ya Kijerumani usimamizi wa pwani ya Mrima. Tarehe 16 Agosti Kampuni ikaanza kushika bandari. Pangani liwali alikataa bendera ya Kampuni, na manowari Carola ikashusha wanamaji. Septemba wanamaji wa Leipzig wakateremka Bagamoyo. Kuanzia Desemba 1888 manowari za Wajerumani na Waingereza zikaifunga pwani. Mei 1889 Wissmann, pamoja na askari aliowaandika Misri na Msumbiji, akaivunja boma ya Abushiri bin Salim karibu na Bagamoyo. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani akasalimu amri mwaka uliofuata. Haya ndiyo mashabiki huyajua, na ukiyasoma kwa mpangilio huo vita vinaonekana kama ratiba ya meli.

Mshabiki akiufungua utenzi kutafuta uzito wa manowari, masafa au kipenyo cha mzinga, atakifunga kitabu. Hemedi, mtu wa upande wa Tanga na wa zama zilezile, hakushughulika na hayo. Anachotupa ni watu wanaosema. Utenzi kwa jadi yake hupenda kauli halisi, huyu akanena, yule akajibu, na Hemedi anaitumia jadi hiyo kuyatoa mambo ya vita katika vinywa vya waliohusika: wenye kuomba nchi, mwenye kuitoa, wanaokataa. Nchi inapotea kwanza kwa maneno, kabla ya mzinga kulia. Mshabiki anaanza vita pale wanamaji waliposhuka. Mtunzi anavianza kwenye mazungumzo. Nadhani mtunzi ndiye aliye sahihi zaidi kuhusu mahali vita vilipoanzia.

Tena angalia kalenda, jambo ambalo Mzee mwenyewe hakuwa amelihesabu mpaka tulipokaa nalo pamoja mchana mmoja. Tarehe 16 Agosti 1888 kwa kalenda ya manowari ni siku ya kawaida ya kazi. Kwa kalenda ya watu wa Pangani ilikuwa Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija wa mwaka 1305, siku moja au mbili tu kabla ya Idi. Kampuni ilitaka bendera yake ipande katika juma ambalo mji umejaa watu, wamevaa vizuri, wako msikitini na barazani. Ndipo unapoelewa kwa nini malalamiko ya wenyeji dhidi ya Zelewski, mtu wa Kampuni pale, yalikuwa juu ya askari kuingia msikitini pamoja na mbwa wakimsaka liwali. Katika daftari la manowari hilo halipo. Katika fahamu za watu wa Mrima ndilo lililokuwa vita vyenyewe. Na Hemedi anapoupa utenzi wake mwaka wa Hijria katika jina lake, si pambo. Anatuambia ni saa ya nani inayopima mambo haya. Mwaka 1307 ulianza mwishoni mwa Agosti 1889, kwa hiyo alioutaja si mwaka wa kuwaka kwa vita. Ni mwaka wa kwisha kwake, wa Abushiri kunyongwa. Jina zima ni la kushindwa: kutamalaki, yaani kumiliki. Wadachi ndio watendaji wa kitenzi hicho. Sijui kichwa cha utenzi chenye uchungu zaidi kilichoandikwa kwa utulivu hivyo.

Mtunzi huyuhuyu alitunga pia Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, wa vita vya zama za Mtume. Katika vita vya aina hiyo, kama katika Tambuka, mtunzi anajua mwisho: haki hushinda. Katika vita vya Wadachi alikuwa na ala zilezile, mizani nane, mishororo minne, kina cha bahari kinachorudi kila ubeti, lakini mwisho ulimgeukia. Waliokuwa na dini walishindwa na waliokuwa na mizinga. Mwengo aliweza kumlipia Jaafar. Hemedi hakuweza kumlipia Abushiri, kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa wamemwona, au wamezungumza na aliyemwona. Hapo ndipo ushahidi wa mashabiki unapokuwa na thamani kubwa kwetu: tunapojua kwa hakika kilichotokea, tunaona ni wapi mtunzi angaliweza kujificha nyuma ya jadi yake na hakujificha.

Hata hivyo nisije nikawapaka Hemedi na wenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nao wana kauli yao ya kutendwa. Abushiri alikuwa na shamba la miwa kwenye mto Pangani, na shamba la miwa la karne ile lilifanywa na watumwa. Jeshi lake lilikuwa na watu wa kila daraja, na wengi wao hawakuwa waungwana. Utenzi unampa ulimi mwungwana. Yule wa shambani nafasi yake ni finyu, kama ilivyo finyu nafasi ya mpagazi katika daftari la Mzee. Mwanafunzi anayeuliza ni nani aliyevuta mzinga anapaswa kuruhusiwa kuuliza ni nani aliyekata miwa, hata kama swali hilo linalipunguzia sifa pambano ambalo sisi sote tunalipenda. Nimesoma majibu ya mitihani yanayomfanya Abushiri mkombozi wa Waafrika wote. Hayo tumewalisha sisi.

Mwenzangu mmoja wa shule jirani, nilipomsomea rasimu ya makala haya, alipinga. Alisema tukiyaleta haya yote darasani tutawachanganya wanafunzi, mtihani unataka dhamira, maudhui na sifa za wahusika, na dakika ni 40. Pingamizi lake nalielewa. Lakini nimejaribu, na kipindi kimoja kilitosha. Niliwapa kwanza habari za Pangani kama Mzee anavyozisimulia, nusu ukurasa. Kisha nikawapa sehemu ya utenzi. Nikawaambia wapigie mstari kila kitenzi cha kutendwa katika maandishi yote mawili, na wataje mtendaji aliyeachwa. Hakuna aliyelala. Msichana mmoja aligundua kwamba katika habari ya Mzee bendera ilipandishwa, na kwamba hatuambiwi ni mkono wa nani ulioshika kamba. Walibishana kama alikuwa Mjerumani au askari mweusi, na kama jambo hilo lina uzito. Sikuwapa jibu, kwani sikuwa nalo.

Swali langu la mtihani nimeliandika upya. Sasa linasema: Jadili uhusiano wa utenzi wa vita na vita vyenyewe. Karatasi ya yule kijana niliitafuta, nikaipata chini ya rundo la mwaka ule, nikaisahihisha mara ya pili. Nilimpa 15. Angepata zaidi kama angeeleza kwa nini mtunzi alivihitaji vita hivyo, lakini hilo mimi mwenyewe sikuwa nalijua nilipomwekea 3. Nilibadilisha katika daftari langu la alama. Ripoti ilikuwa imekwisha kwenda nyumbani kwao zamani, na mwenyewe alikuwa amemaliza shule. Nilimwandikia barua kupitia kwa nduguye aliyeko Kidato cha Pili.

Mzee naye aliazima kitabu cha Hemedi, toleo la J.W.T. Allen, akakaa nacho muhula mzima. Alikirudisha kikiwa na alama za penseli pembezoni, jambo ambalo kwa kawaida hunikera. Kila mahali mtu anaposema neno alikuwa ameweka nukta. Hakuniambia lolote juu yake. Wiki hiyo, saa nne, alikuwa anasimulia jinsi Königsberg alivyotoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, akawaacha nyuma Waingereza waliokuwa wanamvizia, akipasua maji kwa kasi ambayo meli zao kuukuu hazikuiweza. Bawabu wetu alikuwa mlangoni na barua zake.

"Na makaa, Mzee," akauliza, "alikuwa akitia nani?"

Mzee aliweka kikombe chini. Kengele ikalia.